Wasifu wa bibi yangu mgema ulanzi: baba mkubwa anataka niukate, nishaurini

MjukuuWaKilolo

Wakuu, kamwene.

Naandika nikiwa msibani, Kilolo, juu huku ukishapita Kidabaga. Bibi ametutoka Jumamosi alfajiri. Mazishi ni Jumatano mchana ili wa Tunduma na wa Dar wawahi. Kikao cha familia kimenipa mimi kazi ya kuandika na kusoma wasifu wa marehemu, kwanza kwa sababu ndiye niliyelelewa naye, pili kwa sababu, kwa maneno ya baba mkubwa, "huyu ndiye aliyerithi mdomo wake." Sijui kama ilikuwa sifa. Nikakubali.

Jana jioni nikawasomea nilichoandika. Wasifu wa msibani mnaujua: alizaliwa, akabatizwa, akafunga ndoa, Mungu akamjalia watoto, akaanza kuugua, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Hayo yote nimeyaweka. Lakini ukiishia hapo, huyo unayesomewa anaweza kuwa bibi wa mtu yeyote kuanzia hapa mpaka Makambako. Kwa hiyo nikaongeza habari za ulanzi. Sijafika hata katikati, baba mkubwa akainua mkono: "Hiyo toa. Mchungaji atakuwepo."

Ngoja niwaeleze mtu mwenyewe, halafu mnishauri.

Bibi alikuwa mgema. Nasema mgema, si mama muuza tu. Wanawake wanaouza ulanzi wamejaa huku, ila kuingia kwenye mianzi na kisu ni kazi ya wanaume. Babu alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya chai Mufindi, akapata kazi na mke, akabaki huko huko. Akamwachia bibi watoto, ng'ombe mmoja mzee na mashina ya mianzi bondeni. Shemeji zake wakaja kumwambia watamgemea wao halafu wawe wanagawana. Akawapikia, wakala, akawasindikiza mpaka njia panda vizuri kabisa. Kesho yake kulipopambazuka alikuwa bondeni, amevaa koti la babu, kisu mkononi. Koti lile hakulivua tena. Kifungo cha juu kilipong'oka akatia pini. Mfuko wa kulia kisu, wa kushoto ugoro.

Kwa msio wa huku: ulanzi ni maji ya mwanzi mchanga. Mvua zikishashika, Desemba au Januari, unakata ncha ya chipukizi, unafunga mbeta hapo chini, ambayo nayo ni kipande cha mwanzi, inapokea tone tone. Kile kidonda lazima ukikwangue upya asubuhi na jioni, kila siku, mvua inyeshe au usiwe na hali, la sivyo kinaziba. Ukinywa asubuhi hiyo hiyo ni togwa, mtamu, hata mtoto anapewa. Ukiuacha mpaka jioni umeanza kuuma. Ukilala siku mbili ni mkangafu, huo sasa muulizeni aliyeshindwa kurudi kwake. Ndiyo maana operesheni ya vijiji ilipokuja 1974 na watu wakahamishiwa barabarani, bibi alihama na nyumba lakini hakuhama na mianzi. Alikuwa anatembea kurudi bondeni mara mbili kwa siku, kwa sababu mwanzi haujui operesheni.

Sasa sikilizeni hesabu yake, maana hii ndiyo ninayotaka watu waisikie Jumatano. Shule zinafunguliwa Januari. Januari mahindi huku yapo magotini, hayavunwi mpaka Juni, Julai. Anayetegemea mahindi, Januari hana hela, labda auze mbuzi. Ulanzi ndio kwanza unaanza kutoka. Kwa hiyo watoto wa bibi hawakurudishwa shule kwa ajili ya ada hata muhula mmoja, wakati watoto wa mashemeji wenye mashamba makubwa walikuwa wanakaa nyumbani mpaka Machi. Shangazi yangu muuguzi, ulanzi. Baba mkubwa mwenyewe, mwalimu mstaafu, huyu huyu anayesema "hiyo toa", ulanzi.

Ukimsifia kwamba ulanzi wake mtamu anakukata: "Usinisifu, lipa." Ile methali ya mgema akisifiwa tembo hulitia maji aliiona kama imetungwa kumsema yeye, na maji hakutia. Kuna bwana mmoja wa kijiji cha jirani alidai ulanzi umepoozwa, bibi akammwagia uliobaki kwenye mbeta kichwani, akamwambia, "Haya, nusa, kama ni maji utakauka bila kunata."

Kanisani alitengwa kwa ajili ya hiyo biashara. Alikaa miaka mingi bila kushiriki meza ya Bwana. Wengine wakitengwa wanahamia dhehebu jingine, au Jumapili wanashinda shambani. Yeye alikuja kila Jumapili, benchi lile lile upande wa kina mama. Wenzake wakiinuka kwenda mbele, yeye anabaki amekaa, mikono mfukoni mwa koti, anaimba kuishinda kwaya. Mimi mtoto naona aibu, najibanza. Ananifinya: "Imba. Wimbo hawajanitenga." Alirudishwa kundini uzeeni, aliposhindwa kushuka bondeni. Watu wakampongeza kwa kutubu. Akasema aliyetubu si yeye, ni magoti.

Halafu kuna mlango.

Mlango wa jiko lake ni mbao za mkaratusi zilizokolea moshi mpaka zimekuwa nyeusi zinang'aa. Bibi alijifunza kusoma na kuandika kwenye kisomo cha watu wazima, tangu ule mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliotangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, akienda jioni na mtoto mgongoni. Kununua daftari akaona hasara. Madeni akawa anaandika mlangoni, kwa chaki. Chaki alipewa na nani? Na baba mkubwa, kutoka darasani kwake. Herufi kubwa tupu, zinapanda kwenda kulia, na majina hayaandiki, anaandika sifa: MGUU MMOJA 3. MWENYE REDIO 5. MKWE WA JUU 1. BARAZA 2. Ukilipa analowesha kiganja, anakufuta mbele yako, panabaki doa jeupe la umbo la mkono wake. Mlango umejaa viganja. Ila wapo ambao hawajafutwa, na huyo BARAZA kijiji kizima kinajua ni nani, ni mmoja wa waliokaa kikao cha kumtenga.

Baba mkubwa ameshawaambia vijana wausugue kwa sabuni kesho asubuhi kabla wageni hawajafika.

Na jingine dogo: kitambulisho chake kimeandikwa 1 Julai 1945, tarehe waliyopewa wazee kibao huku. Yeye alikuwa anasema fuvu la Mkwawa, chifu wetu Wahehe, liliporudishwa kutoka Ujerumani alikuwa ameshavunja ungo. Niandike mwaka gani?

Niusome wasifu kama ulivyo, au niukate? Na mlango je? Naomba majibu mapema, chaji ni ya kubahatisha.

KijanaWaIpogolo

Pole sana dada. Mlango msiguse. Mengine nawaachia wazee, mimi nimekaa pembeni nasoma.

MzeeWaBenchiLaMbele

Pole mwanangu, poleni wafiwa wote. Mimi ni wa Njombe, mzee wa kanisa, wasifu nimesikiliza nyingi na nyingine nimeziandika mwenyewe. Nitakueleza ninavyoona.

Baba yako mkubwa usimlaumu haraka. Aliyekaa mbele ya jeneza la mama yake na ameshawahi kusikia mama yake akitajwa kwenye matangazo ya waliotengwa, anaogopa kitu kimoja tu, asitajwe tena. Wewe ulikuwa mtoto, uliona ujasiri. Yeye alikuwa kijana mwalimu, aliona watu wakigeuka kumwangalia.

Lakini usiandike uongo. Wasifu za siku hizi kila mtu "alikuwa mkulima na mcha Mungu", ukifika kaburi la kumi hujui umemzika nani. Weka sentensi moja, iwe nzito: aliwasomesha watoto wake kwa kugema ulanzi kwa mikono yake mwenyewe. Basi. Hiyo ya Januari na mahindi iweke pia, maana ni hesabu, si majivuno. Ya mtu kumwagiwa kichwani na ya magoti peleka kwenye neno la wajukuu, huko mnaruhusiwa kucheka. Na usisubiri Jumatano. Mpelekee mchungaji karatasi Jumanne, asome, aseme neno lake mapema. Mchungaji akishasema sawa, baba mkubwa hana tena wa kumsingizia.

Kuhusu mlango, hapo sina maneno mengi. Kila msiba huwa mnatangaza: anayemdai marehemu au anayedaiwa na marehemu awaone wanafamilia. Sasa mkishausugua mtamwona nani? Hicho ni kitabu cha hesabu cha marehemu. Kitabu cha hesabu hakioshwi.

BintiKalenga

Mnyalukolo mwenzangu, pole. Nakujibu la mwaka.

Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudishwa tarehe 19 Juni 1954, gavana Twining akamkabidhi Chifu Adam Sapi hapa Kalenga. Bibi yangu alikuwepo, alibebeshwa mdogo wake mgongoni siku nzima na kitu alichokikumbuka zaidi ni jinsi mtoto alivyomkojolea wakati wakubwa wanatoa hotuba. Sasa kama bibi yako 1954 alikuwa ameshavunja ungo, tuseme alikuwa na miaka kumi na mitatu mpaka kumi na mitano, basi amezaliwa kati ya 1939 na 1941. Hiyo 1945 ingemfanya awe mtoto ambaye hajatimiza hata miaka tisa. Kitambulisho kimempunguzia umri.

Kama alibatizwa mtoto, nenda ukaulize daftari la ubatizo misheni, wamisionari waliandika kila kitu. Kama alibatizwa mkubwa, andika "inakadiriwa 1940" na usonge mbele. Msalabani hivyo hivyo. Msije mkachora 1945 kwenye saruji halafu mkajuta.

MngoniWaPeramiho

Nimepita tu nikasikia harufu ya Wahehe wanalia, nikasema ngoja nisogee nione kama kuna chakula.

Dada pole. Ila mbona mnahangaika na jambo jepesi? Nyie mna watani. Babu zetu na babu zenu walipigana karne ile ya 19 mpaka wakachoka, sisi tunasema tulishinda sisi, nyie mnasema nyie, tukaishia kuzikana. Sasa wewe wasifu wako soma ule wa heshima, kama mzee hapo juu alivyoelekeza. Yale ambayo mtoto wa marehemu hawezi kuyasikia mdomoni mwako, mpe mtani. Mtafute Mngoni yeyote hapo kijijini, hata kama ni dereva wa bodaboda. Mpe lile koti lenye pini, mpe mbeta. Atajua la kufanya. Atakaa njiani jeneza lisipite mpaka alipwe, atatembea kama yeye, atasema kama yeye, atamdai huyo BARAZA mbele za watu, na hakuna baba mkubwa wala mchungaji wa kumzuia, maana mtani msibani hakatazwi.

Ila mumlipe. Na ulanzi usiwe togwa, sisi si watoto.

SinywiTena

Pole kwa msiba. Naomba niseme tofauti kidogo na wenzangu, mtanisamehe.

Mimi ni wa Mufindi. Baba yangu alikuwa mteja wa bibi kama huyo. Kuanzia Januari mpaka ulanzi unakata mwezi wa tano, hakuwa nyumbani, alikuwa kilabuni. Palizi tulipalilia na mama. Mwaka mmoja hatukumaliza, mahindi yakamezwa na magugu, tukala viazi mpaka tukavichukia. Kwa hiyo hiyo hesabu yenu ya ada mimi naisoma upande wa pili: ada ya watoto wa mgema ilitoka mfukoni mwa baba yangu. Mimi sikufika sekondari.

Simsemi vibaya marehemu. Ila msije mkafanya ionekane kanisa lilimwonea bure.

MjukuuWaKilolo

Asanteni nyote. Chaji nimepata kwa jirani mwenye sola.

SinywiTena, wewe nakujibu wa kwanza. Sikubishii. Bibi alikuwa na utaratibu wake: mwanamke akija mlangoni kuulizia mumewe, huyo mume anachorewa msalaba mbele ya jina, wiki hiyo hapewi, na akileta ubishi anafukuzwa na upawa. Lakini ni wale ambao wake zao walithubutu kuja. Walioona haya kuja, waume zao aliwauzia. Kuna shamba hapa jirani, mpaka leo nikilipita namkumbuka mama mmoja akipalilia peke yake na tumbo la miezi minane, na mumewe yuko kwetu anasimulia habari za jeshi. Nilimuuliza bibi nikiwa mkubwa. Akakaa kimya, akanusa ugoro, akasema, "Na mimi nilikuwa na watoto." Hakuongeza. Hilo nalo ni lake, na sitamfanya malaika. Sitalisoma Jumatano, ila nimeliandika hapa ili lisipotee.

Mzee, ushauri wako nimeuchukua. Kesho asubuhi nampelekea mchungaji. BintiKalenga, inakadiriwa 1940, nimeandika.

KijanaWaIpogolo

Dada samahani, hivi huyu siye yule bibi wa dumu la Ruaha Mbuyuni? Kuna konda mmoja mstaafu hapa stendi anasimulia hiyo habari kila mvua ikinyesha, mimi nilijua anatunga.

MjukuuWaKilolo

Hahaha, ndiye. Na hatungi, nilikuwepo, nimekaa mapajani.

Tulikuwa tunaenda Dar kwa shangazi, enzi za stendi ya Ubungo. Bibi amebeba dumu la lita ishirini, togwa ya asubuhi hiyo hiyo. Mfuniko hakuufunga, alitia kibunzi cha mahindi juu, kilegee. Mtu wa ulanzi anajua kwamba ukikaza, ulanzi unachemka wenyewe na unatafuta pa kutokea. Konda kijana, anataka basi lake safi, akang'oa kibunzi, akatafuta mfuniko, akakaza kwa nguvu zake zote. Bibi akamwambia, "Mwanangu, huo una pumzi." Konda akamwambia, "Bibi, hii ni sheria ya basi." Bibi akasema haya, akafunga mikono.

Sasa mnajua njia ile. Iringa baridi, Ilula nafuu, ukishashuka Mlima Kitonga unaingia kwenye joto la bonde, na kila ukishuka ulanzi nao unazidi kupanda. Dumu likaanza kuvimba. Mimi naliona, limekuwa la mviringo, nikamgusa bibi, akanifinya ninyamaze. Tulipofika Ruaha Mbuyuni, kwenye wauza vitunguu, likapiga. Mfuniko uligonga paa la basi. Konda alikuwa amesimama pale pale anadai nauli, alilowa kuanzia kofia mpaka soksi. Watu wakapiga kelele wakidhani ni tairi. Dereva akasimama. Bibi akainuka taratibu, akalichungulia dumu, akaona imebaki nusu, akamgeukia konda: "Lita kumi. Lipa."

Na alilipwa, wakuu. Abiria walimchangia konda kwa kucheka. Hiyo nusu iliyobaki ilitoka Kilolo ikiwa togwa ikafika Ubungo ikiwa mkangafu, shemeji zake shangazi waliimaliza usiku huo huo na kesho yake mmoja hakwenda kazini.

MngoniWaPeramiho

Hiyo ya dumu mpeni mtani. Nasisitiza.

MzeeWaBenchiLaMbele

Nimesoma nikiwa kitandani, mama watoto ananiuliza nacheka nini. Tupe mrejesho mwanangu.

MjukuuWaKilolo

Wakuu, mrejesho. Tumeshamzika, wageni wa mbali wameondoka leo, ndiyo nimepata nafasi.

Mchungaji ni kijana, amehamia hivi karibuni, habari za kutengwa alikuwa hazijui. Nilimpelekea karatasi Jumanne, akaisoma amesimama mlangoni kwake. Akaniuliza swali moja tu: "Hii ya magoti alisema kweli?" Nikamwambia kweli. Akasema, "Hiyo niachie mimi, nitaiweka kwenye mahubiri." Na aliiweka. Kwa hiyo baba mkubwa alibanwa pande zote.

Nikasoma. Jina, inakadiriwa 1940, ubatizo, ndoa, watoto. Nikafika kwenye Januari. Nikasema mahindi yapo magotini, ada inadaiwa, bibi yupo bondeni kabla ya jua. Nikasema ada, sare, daftari, sanduku la bweni. Hapo nikasikia sauti kutoka viti vya wafiwa, kavu kabisa, ya kimwalimu, kama anamsahihisha mwanafunzi: "Na godoro." Ni baba mkubwa. Nikaongeza, na godoro. Nikaendelea.

Mngoni alipatikana, ni fundi ujenzi anayejenga zahanati kijiji cha pili. Nilimpa koti asubuhi kwa siri. Jeneza linatoka, yeye huyo, amelivaa, pini mpaka shingoni, amekaa katikati ya njia na mbeta, anaota jua. Wabebaji wakasimama. Shangazi akaanza kumsifu, "Mtani wetu, mtani mzuri, tupishe." Akajibu kwa sauti ya bibi, sijui ameijulia wapi: "Usinisifu, lipa." Wakuu, watu waliokuwa wanalia walikaa chini. Kina mama wa benchi la bibi walicheka mpaka wakashikana. Alilipwa, akaomba nyongeza kwa ajili ya dumu la Ruaha Mbuyuni, akalipwa tena, ndipo akapisha. MngoniWaPeramiho, hakuwa togwa, usiwe na wasiwasi.

Mlango haukusuguliwa. Vijana waliamka na ndoo na sabuni kweli, wakakuta shangazi muuguzi ameweka kigoda mbele yake, amekaa, anachambua njegere. Hakusema kitu, na wao hawakumsogelea.

Baada ya mazishi tangazo la madeni likatolewa kama kawaida. Kimya. Hakuna aliyesogea, hilo nalo kawaida. Watu walianza kuja jioni, mmoja mmoja, wakijifanya wanapita jikoni kutafuta maji ya kunywa. MWENYE REDIO alikuja na hela kamili, kumbe redio yenyewe aliiuza zamani. MKWE WA JUU alituma mtoto. Na BARAZA alikuja, wakuu. Mzee sana sasa, anatembelea fimbo, mjukuu wake kamshika mkono. Akaomba aoneshwe. Nikamwonesha. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, "Baraza, mbili." Akauliza bei ya mwaka ule. Nikamwambia sijui, alipe ya mwaka huu. Akahesabu noti, akanipa. Halafu akasema anataka kujifuta mwenyewe. Nikamletea maji kwenye kopo, akalowesha kiganja, akafuta, akabaki ameweka mkono pale muda kidogo, kisha akamwambia mjukuu wake waondoke. Chai hakunywa.

Hela ya mlango shangazi ameipeleka kwenye saruji ya kaburi. Mianzi ya bondeni bado hatujakaa kikao. Mashemeji wa ukoo wameshaanza kuleta salamu kwamba wanaweza kutugemea halafu tugawane. Nimewapikia.

SinywiTena

Nimesoma mpaka mwisho. Poleni. Hilo la "Na mimi nilikuwa na watoto" limeniingia, nitalifikiria.

KijanaWaIpogolo

Dada, na MGUU MMOJA je, amelipa?

MjukuuWaKilolo

Hajalipa. Anadai alilipa kwa jogoo mwaka jana na bibi akasahau kumfuta. Bibi hakuwa mtu wa kusahau kufuta. Baba mkubwa amelichukua jambo lenyewe, ameandika barua kabisa, anawaita mashahidi wa jogoo Jumamosi.